Siku nne juu ya Nile, Luxor hadi Aswan: meli safi, maelezo nusu

Naanza na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Dola 480 kwa kichwa, siku nne usiku tatu, chumba cha watu wawili, chakula humo humo, mwongozaji humo humo, tiketi za mahekalu humo humo. Bakshishi ni juu yako, na usidhani ni jambo dogo. Kuna ya mbeba mizigo, ya dereva, ya mlinzi wa hekalu anayekuonyesha kwa kidole ukuta ambao tayari unautazama, na siku ya mwisho kuna bahasha ya meli nzima. Mimi na wifi yangu tulikwenda Desemba iliyopita shule zilipofungwa. Jina la kampuni silitaji. Wanaouza safari hii ni wengi na ratiba zao zinafanana kama sare, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa kwa yeyote utakayemlipa.

Meli kwanza. Shuka safi, maji ya moto usiku na mchana, wahudumu hawachoki kutabasamu. Kasoro yake mtaijua mkifika gatini: meli zinaegeshwa ubavu kwa ubavu, nne au tano, na unapita ndani ya za wenzako ili ufike nchi kavu. Usiku wa kwanza tulifungua pazia tuione Nile, tukamwona mzee wa Kizungu kwenye meli ya jirani akipiga mswaki. Akatupungia mkono. Chakula ni kingi, na siku ya pili walileta molokhia. Wifi akaonja kijiko kimoja, akaniangalia. "Wifi, huu si mlenda?" Ni mlenda. Wao wanautia kitunguu saumu cha kukaanga na giligilani mpaka harufu inakuita ungali kwenye ngazi. Tulirudia sahani.

Sasa mwongozaji. Kijana mstaarabu, shati limenyooshwa, anawashika mkono wazee kwenye ngazi, wala sina ugomvi na tabia yake. Ugomvi wangu ni na hadithi aliyopewa auze. Ndani ya siku nne nilimhesabia mara sita "Misri ni zawadi ya Nile", maneno ya yule Mgiriki Herodotus, aliyefika huko karne ya 5 KK akiwa mtalii kama sisi. Baada ya hapo ni farao fulani alijenga, farao fulani alishinda, pigeni picha, dakika ishirini, basi linaondoka. Mto umetoa zawadi, farao kapokea, na watu hawamo kabisa. Mara mbili alisema "nyinyi Waafrika" akiwa amesimama Luxor. Wifi alimwuliza yeye ni wa bara gani. Alicheka, hakujibu.

Siku ya kwanza aliposikia tumetoka Tanzania aliomba wenzetu watupigie makofi, eti sisi ndio tunaowaletea maji. Makofi niliyapokea, nani anakataa? Lakini nimefundisha Mwanza miaka minne kabla ya kuhamia Moshi, na wanafunzi wangu wa kule wangekuwa wa kwanza kunisuta. Maji ya Ziwa Victoria yanakwenda kaskazini taratibu, yanaingia kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na karibu nusu yake yanaishia hewani kwa jua. Yaliyojenga Misri ni ya Ethiopia: mvua za Juni hadi Septemba zinazoshuka kwa Nile ya Buluu na mto Atbara, zikiwa zimebeba udongo mweusi wa milimani. Ukichukua mwaka mzima, kama asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan ni ya nyanda hizo. Ya kwetu kazi yake ilikuwa kuuweka mto hai miezi ya kiangazi. Si haba, ila makofi tuliyopigiwa yalikuwa ya Wahabeshi.

Swali langu nilimwuliza Edfu, kwenye kivuli cha hekalu la Horus. Nikamwambia, sawa, farao nimemwelewa, je, mitaro na matuta ya mashambani alikuwa anayatengeneza nani? Akanijibu bila kusita, kwa upole kabisa: "Watumwa, Mama."

Mimi nimezaliwa kijiji cha Kilema, mlimani Kilimanjaro, kwenye mfongo. Kwa msioujua, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa jembe, unachukua maji mtoni kule juu karibu na msitu, unaambaa na mteremko kilomita kadhaa mpaka migombani. Injinia wake ni marehemu babu wa babu. Zamu ya nyumbani kwetu iliangukia usiku, na baba alikuwa ananiamsha nimshikie taa wakati anaziba kwa mgomba na udongo upande wa jirani na kufungua wa kwetu. Baridi ile siisahau, wala sauti ya maji yanapoingia kwenye majani makavu, kama mtu anayetembea gizani. Siku ya kusafisha mfongo kila kaya ilitoa mtu. Asiyekuja alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na aliyezoea kutokuja maji yalimpita yakienda kwa mwenzake akabaki kuusikia mlio wake. Sikuwahi kuona mtumwa pale, wala askari. Aliyekusimamia ni jirani anayekujua jina na deni lako.

Nile ya kale ilikuwa hivyo hivyo, kilichozidi ni ukubwa. Mto unapofurika kila mwaka unaacha mchanga na tope zito kwenye kingo, kingo zinainuka kuliko ardhi ya nyuma yake. Vijiji vikakaa juu ya kingo, mashamba yakakaa kule nyuma chini. Watu wakaligawa bonde kwa matuta, yakatokea madimbwi mapana ya kina kifupi. Wamisri wanayaita hod, na sisi neno hilo hilo tunalo, hodhi. Maji yakija Agosti unafungua tuta, hodhi linajaa, unalifunga, yanakaa siku 40 hadi 60 yakishusha tope na kulowesha udongo, kisha unayaachia yaende hodhi la chini. Unapanda Oktoba au Novemba kwenye tope bichi, unavuna kabla joto halijawa kali, na maji yaliyotoka yameondoka na chumvi. Kazi yote hiyo wanaimaliza watu wa hodhi moja na wa hodhi linalofuata. Haisubiri barua kutoka Memphis, mji mkuu wa kale.

Wenzao wa Iraki ya kale hawakubahatika hivyo. Tigri na Frati hufurika majira ya kuchipua, Aprili na Mei, mazao yakiwa yamesimama shambani, kwa hiyo Msumeri, mtu wa huko, aliuzuia mto mwezi huu na kuubembeleza mwezi ule, chumvi ikimbaki juu ya udongo. Wakajibanza mijini, kila mji na ukuta wake na mungu wake. Miji ya Lagash na Umma iligombania mpaka na mifereji kizazi hadi kizazi.

Chuoni tulifundishwa wazo la msomi Karl Wittfogel, la mwaka 1957: maji mengi yanataka mifereji mikubwa, mifereji mikubwa inataka bwana mkubwa, ndipo dola ikazaliwa. Nimeliandika ubaoni miaka na miaka, Mungu anisamehe. Kwa Misri linakwama kwenye tarehe. Mfalme Narmer anaonekana na taji zote mbili, ya kusini na ya kaskazini, kama mwaka 3100 KK, na karne nyingi baada yake maji bado yalikuwa mambo ya kijijini. Ubao wake wa jiwe tuliuona Cairo kabla ya kupanda meli, kwenye jumba la makumbusho la pale Tahrir. Ni wa sentimita 64 tu. Nilidhani ni mkubwa kama mlango.

Kuna kichwa cha rungu cha zama hizo hizo, cha mfalme anayeitwa Nge, kiko Oxford kwenye jumba la Ashmolean. Ninacho kwenye picha ya darasani. Mfalme kashika jembe, mbele yake mtu kainama na kapu. Wasomi wengi wanasema anafungua mfereji. Mimi kila nikimtazama namwona mheshimiwa siku ya kupanda miti: jembe jipya halijaguswa na udongo, wapiga picha tayari, mti wa kwanza ni wake, na 399 inayobaki ni ya kidato cha pili.

Basi farao alitoka wapi? Jibu lake liko kwenye sitaha ya meli yako, bure, wala mwongozaji hatakuambia kwa sababu saa hiyo anapumzika. Panda saa kumi alasiri mkiwa kati ya Edfu na Kom Ombo. Vilima vya mawe vinausogelea mto, na penye kijani unakipima kwa macho: hatua mia, hatua hamsini, mahali pengine safu moja ya mitende. Nilimwona mtu na kanzu yake ya buluu anamfunga punda. Kigingi alikichomeka kwenye majani mabichi, na kamba iliponyooka punda alikuwa amesimama kwenye mchanga. Urefu wa kamba ya punda, basi, huo ndio upana wa nchi. Wenyewe walikuwa na majina mawili, Kemet, nchi nyeusi, na Deshret, nchi nyekundu, na mpaka wake unaweza kuukanyaga mguu huu huku na mguu huu kule.

Kwetu mlimani aliyechoshwa na mangi wake, yaani chifu, alifunga virago usiku akavuka korongo, akapokewa na mangi mwingine, na migomba inaota huko pia. Ndiyo maana mlima mmoja ulikuwa na mangi tele. Bondeni kwa Nile mwenye kushindwa angehamia wapi? Mmarekani mmoja, Robert Carneiro, alilieleza vizuri mwaka 1970: ardhi nzuri ikizungukwa na mbaya, aliyeshindwa hana pa kwenda, anabaki na analipa. Juu ya hapo mto wenyewe ni barabara ya pande mbili. Mkondo unakupeleka kaskazini na upepo unavuma kutoka kaskazini, kwa hiyo unashuka kwa maji na kupanda kwa tanga. Maandishi yao ya picha yanajua hilo: kwenda kusini ni chombo kilichotweka tanga, kwenda kaskazini ni chombo tanga limeshushwa. Hakuna kijiji kilichokuwa mbali na gati. Mtoza kodi hakuhitaji hata kutembea.

Kodi yenyewe ilikuwa nafaka, na nafaka ndiyo mshahara. Hapa nawashauri mlipe ile nyongeza ya Deir el-Medina, ng'ambo ya Luxor. Ni kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, vyumba vidogo vya mawe, vizingiti bado vipo. Katika mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, karne ya 12 KK, posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaweka zana chini, wakatoka, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu wakisema wana njaa. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua kwa maandishi, karatasi yake ya mafunjo iko Turin. Wifi ni mwanachama mwaminifu wa chama cha walimu, alikaa kwenye kizingiti kimojawapo akakataa kuondoka. Tulipewa dakika ishirini pale. Kwenye duka la mafunjo, ambako mwongozaji ana asilimia yake, tulipewa saa moja na dakika arobaini.

Kom Ombo ilipata hamsini. Umati wote unakimbilia mamba waliokaushwa, na kweli wanatisha, lakini nyuma ya hekalu kuna kisima kipana cha mviringo chenye ngazi ndani yake. Watu wanatupa sarafu wakiomba bahati. Kile si kisima cha bahati, ni kipimo cha mto. Mwongozaji alikitaja kwa sentensi moja akaendelea.

Kwa hiyo Aswan, mchana wa siku ya nne, wenzetu walipopelekwa kwenye manukato, sisi tulishuka barabara ya mtoni tukapanda kivuko cha wananchi kwenda kisiwa cha Elephantine. Wanawake mbele, wanaume nyuma, mkungu wa ndizi katikati. Kusini mwa kisiwa kuna magofu ya mji wa kale, penye ngome iliyojengwa tangu enzi ya nasaba ya kwanza, na kando ya hekalu la Satet kuna mlango mwembamba. Ukiingia unakuta ngazi 90 zinazoteremka mpaka kwenye maji ya Nile.

Hiyo ndiyo safari yangu yote niliyoilipia. Ukuta wa kushoto na kulia ni mawe yaliyokatwa sawasawa, baridi, yananuka kama mtungi. Juu yake kuna mistari ya dhiraa, mingine ya kale imelika, mingine kwenye vibao vya marumaru vya karne ya 19. Dhiraa tunaijua wenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole. Ya kifalme ilikuwa viganja 7, vidole 28, sentimita 52 na kitu. Niliulaza mkono wangu ukutani, ukapungua vidole vinne na ushee. Wifi akasema farao alikuwa na mikono ya mtu anayechukua.

Hapa chini ya mlango wa nchi, penye maporomoko ya kwanza, ndipo mafuriko yalipoonekana kabla hayajawafikia wengine. Karani anashuka, anasoma mstari, anapanda, na habari zinateremka na mkondo. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyepita hapo karne ya 1 KK, aliona wazi kazi mbili za kipimo hiki: mkulima ajue maji ya kugawana, na serikali ijue mapato, kwa sababu maji yakizidi kodi inazidi. Pliny wa Roma alikuwa na orodha yake: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 ni furaha, 15 ni usalama, 16 ni raha tele. Na jiwe la Palermo, ambalo leo liko Sicily, linaorodhesha kimo cha mto mwaka kwa mwaka, kwa dhiraa, viganja na vidole, tangu wafalme wa mwanzo kabisa.

Nikakaa ngazi ya sitini na ngapi huko nikaelewa kitu ambacho miaka 22 ya ubao haikunipa. Matuta walichimba majirani, kama sisi. Alichokuwa nacho mfalme ni daftari. Hakuhitaji kuliona shamba lako. Alijua vidole vya maji vya mwaka huu, anajua vya mwaka jana, anajua hodhi lako lina ukubwa gani, na jahazi la kuchukua shayiri limeshatweka. Mfongo wetu ulikuwa na zamu, na zamu zote zilikaa kichwani mwa mzee mmoja. Hakuwahi kutudai debe la mahindi kwa kukumbuka.

Sasa maji hayapandi tena ngazi zile kama zamani. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kuanzia 1960 hadi 1970, na mafuriko yakakoma. Tulirudi kwa faluka, jahazi dogo la tanga moja. Nahodha wake, Mnubi wa makamo, vijana wake walikuwa wanamwita rais, na wifi alicheka mpaka akashika mlingoti. Kwao nahodha ndiye rais. Rais wetu alituambia kijiji cha baba yake kiko chini ya Ziwa Nasser, lililotokana na bwawa hilo. Walihamishwa 1963 na 1964, Wanubi kama 50,000 upande wa Misri, wengi wakapelekwa maeneo ya Kom Ombo. "Nyumba zilikuwa mpya," akasema, "lakini ulikuwa huusikii mto." Nilimwambia habari za maji yanayoingia kwenye majani ya mgomba usiku. Sijui Kiingereza changu kilimfikishia nini, ila alikataa bakshishi, na ndiye peke yake siku nne zile.

Alama zangu: meli nne kwa tano, chakula tano, mahekalu tano, mwongozaji mbili, duka la mafunjo sifuri. Mkienda, mwambieni wakala kabla ya kulipa kwamba maduka hamyataki na muda wake uhamie Elephantine na Deir el-Medina. Kwa maandishi, maana kwa mdomo watakubali kila kitu. Kivuko cha kisiwani ni cha bei ndogo sana, bebeni chenji. Vaeni raba. Zile ngazi kumi za mwisho zina utando wa kijani na hakuna pa kushika.